Udongo wa Chini ya Kibanda cha Betri

Uvumi huo Drusilla aliusikia kwenye kituo cha chai, wanawake wakiwa wamekaa kando ya vikapu vyao wakingoja karani aje kupima majani. Mtu alisema udongo wa ukingo, ule wa chini ya kibanda cha Kipchirchir, una kitu ndani. Eti mwanamke mmoja wa kambi ya vibarua alikuwa akiula tangu mimba ilipoingia, na mtoto akatoka ameshakufa. Eti jirani yake naye akapoteza mimba kabla tumbo halijaonekana. Aliyeanza kusema hakujulikana.

"Kama udongo unaua," Esnah akasema, "mimi mngekuwa mmenizika kitambo, na kipande kingali mdomoni."

Wanawake wakacheka. Esnah alikuwa mchumaji wa kibarua kutoka Kisii, mdomo wake hauna breki, na watu walimpenda kwa hilo hilo. Drusilla naye alicheka. Lakini kwenye kona ya leso yake alikuwa amefunga vipande vya udongo huo huo, na mimba yake ilikuwa imepita nusu. Alirudi nyumbani, uvumi ukarudi naye. Akipuliza moto, uko. Akikamua, uko. Akilala upande huu unamgeuza upande ule.

Kule kwao, kwenye vilima vya chai juu ya Kaplong, mwanamke mwenye mimba kula udongo halikuwa jambo la kuuliza. Mwili unautaka, basi. Wengine hutafuna wa kichuguu, wengine mawe laini ya sokoni, na wale walio karibu na senta ya maduka walichimba kwenye ukingo, pale barabara ilipokata kilima na kuacha ukuta mwekundu. Aliyemletea Drusilla ni mama mkwe wake, Jerusa. Jerusa alikuwa mzee wa kuchagua. Hakuchimba popote popote. Alitazama kwanza ng'ombe wanalamba wapi, kwa maana huko ndiko kwenye chumvi, na mnyama, alisema, hana mtu wa kumdanganya. Alichimba hapo, akakausha vipande juu ya moto mpaka vikanukia moshi, akavileta kwa mkeka mdogo kama mtu anayeleta mayai.

"Kula, Mama Kipkosgei. Mtoto anataka nguvu."

Na kweli alikuwa amekula hivyo akiwa na Kipkosgei, mtoto wake wa kwanza, na Kipkosgei akatoka mzima, sasa anafukuza ndama kila mahali. Kwa hiyo mwanamke ataogopa nini?

Jambo moja tu lilikuwa limebadilika, na lilikuwa mbele ya macho ya watu wote. Wakati wa mimba ya Kipkosgei, juu ya ule ukingo palikuwa na nyasi. Sasa palikuwa na kibanda cha Kipchirchir, shemeji yake Drusilla. Senta ilikuwa imepata stima, na wenye televisheni za kutumia betri ya gari walipeleka betri zao huko zichajiwe. Zile zilizokufa Kipchirchir alizipasua kwa shoka. Maji yake makali aliyamwaga nyuma. Madini ya ndani, yale ya kijivu, laini, mazito, aliyayeyusha kwenye mkebe apate kutengeneza vichwa vipya vya betri, na matope meusi yaliyobaki akayasukuma kwa mguu mpaka kwenye mteremko. Kisha ikaja ile mvua ya El Niño iliyokataa kukoma, ikayachukua matope yote ikayanywesha ukingo.

Baada ya mvua ng'ombe walipapenda zaidi. Walivunja ua kwenda kulamba. Wanawake wakasema udongo umeiva, kwa sababu ulikuwa umeingia utamu fulani, chumvi na sukari pamoja, na ukiuanza hutaki kuuacha. Drusilla aliula akienda shambani na akirudi.

Tumbo lilianza kumkata. Akakaa siku nyingi bila kwenda choo. Kichwa kikawa kinagonga, na mikono, ile mikono iliyojaza kikapu kabla ya wengine kufika katikati ya mstari, ikawa inaangusha majani. Alienda kliniki. Foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango. Nesi alimvuta kope la chini, akasema damu ni kidogo, akampa vidonge vya kuongeza damu, akaita anayefuata. Hakumuuliza anakula nini. Drusilla naye hakusema. Kuna maneno mtu hayaanzi mwenyewe mbele ya mwanamke aliyevaa nyeupe.

Alimwambia Jerusa habari za uvumi, polepole, akiangalia chini.

"Mama, watu wanasema huu udongo si mzuri."

"Watu gani?"

"Wa kituoni."

"Wa kituoni walisema pia chai itauzwa kama dhahabu. Umeiona hiyo dhahabu?" Jerusa akasukuma mkeka karibu. "Mimi nimezaa kwa udongo, na mama yangu alizaa kwa udongo. Sitakulazimisha. Lakini usiniletee maneno ya vikapu hapa nyumbani."

Drusilla akachukua kipande. Angefanya nini? Ulikuwa ni upendo wa mzee, na mwili wenyewe ulikuwa unauomba.

Aliyeugua mbele ya macho ya watu ni mtamba. Alikuwa mtamba wa gredi, wa mbegu ya maziwa mengi, mwenye mimba yake ya kwanza, tegemeo la nyumba nzima. Alianza kusaga meno. Akazunguka zizi kama anatafuta mlango, akafika kwenye nguzo akaegemeza paji la uso hapo, akasukuma, akasukuma. Kipkirui, mume wa Drusilla, alipitisha mkono mbele ya macho yake na macho hayakupepesa. Wakadhani ni ndigana, ile homa ya kupe, wakamdunga dawa ya ndigana. Hakupata nafuu. Basi nyumba ikakubaliana, bila mtu kubisha, aitwe daktari wa mifugo.

Daktari akaja na pikipiki mpaka zizini. Drusilla alisimama na ndoo mkononi akasikiliza akiuliza. Anakula wapi? Anakunywa wapi? Analamba nini? Tangu lini? Maswali hayakwisha, na kila jibu alilifikiria. Kisha akaomba aonyeshwe mahali penyewe. Akashuka ukingoni, akafikicha udongo kati ya vidole, akatazama juu kwenye kibanda, akaona makasha ya betri yamerundikwa kama matofali.

"Huyu amekula risasi," akasema. "Yale madini ya kijivu ya ndani ya betri yanaitwa risasi, na ni sumu. Inaingia kwenye damu, inaingia kwenye mifupa, inakwenda kichwani. Macho yamekwenda. Sidhani mtampata tena."

"Na tumbo lake?" Drusilla akauliza.

"Sumu ya mama inapita kwa ndama."

"Na mtu je, akila?"

Daktari akamtazama, akatazama tumbo lake, akatazama mashimo madogo kwenye ukingo, yaliyochimbwa kwa kisu, ambayo hakuna ulimi wa ng'ombe ungeweza kuyachimba.

"Mimi ni wa ng'ombe, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini usile tena. Nenda kwa daktari wa watu umwambie nilivyosema."

Jerusa alikuwa amesimama nyuma yao. Aligeuka akaenda nyumbani, na jioni ule mkeka haukuonekana.

Mtamba akafa. Kesho yake Kipkirui na Kipchirchir walinunua waya wa miiba, wakazungushia ukingo, mistari minne, kazi safi, ng'ombe asipite. Drusilla alienda kumtazama shemeji yake akikaza waya kwa koleo.

"Shemeji, na wanawake?"

"Wanawake wana macho. Wataona waya."

"Wataona ni wa ng'ombe. Mtu anainama anapita."

"Sasa nifanye nini? Nifunge kazi? Watoto wangu wale nini, waya?"

"Hamisha betri. Fukia haya matope mbali na watu."

"Nitahamisha," Kipchirchir akasema, kama vile mtu anavyosema atakuja kanisani. Mvua nyingine ikamkuta palepale.

Daktari wa watu alimsikiliza Drusilla. Alisema inaweza kuwa hivyo, lakini mashine ya kupima risasi kwenye damu haiko hapo, iko Nairobi, na nauli ya Nairobi haikuwapo. Alimwambia aache udongo, ameze vidonge, anywe maziwa, aombe Mungu. Drusilla akafanya yote manne. Kuacha udongo ndiko kulikokuwa kugumu kuliko yote, aliota anatafuna.

Msichana alizaliwa mapema, mdogo, sauti yake kama ya paka aliyefungiwa. Wakamwita Chepngeno. Alinyonya kwa shida. Wenzake walipokaa, yeye alikuwa analala. Wenzake walipoita mama, yeye alitazama mdomo wa mama yake unavyocheza, akanyamaza. Ukimwita kwa nguvu anageuka, hivyo kusikia anasikia. Watu walisema atachangamka tu, wengine huchelewa. Drusilla aliitikia, lakini usiku alimshika mguu mwembamba akawa anamuuliza ndani kwa ndani: ni mimi, ni mvua, ni ami yako na shoka lake, au ungezaliwa hivi hivi? Hakuna atakayemjibu. Hilo ndilo linalomchoma kuliko ugonjwa wenyewe, kwamba kwa ng'ombe jibu lilipatikana kabla ya maziwa ya asubuhi kupoa.

Mwaka uliofuata, kwenye kituo kile kile cha chai, alimwona Esnah ameshika kiuno, tumbo limetangulia. Kona ya leso yake ilikuwa na fundo. Drusilla alimwendea akalifungua fundo bila kuomba ruhusa. Udongo mwekundu wenye mishipa ya kijivu.

"Umepita waya?"

"Waya ni wa ng'ombe," Esnah akasema. "Mimi ni ng'ombe?"

Wanawake wawili watatu wakaanza kucheka. Drusilla hakuwakemea. Alimfungua Chepngeno mgongoni, akamweka mikononi mwa Esnah.

"Mshike. Muongeleshe."

Esnah alimuongelesha. Alimpigia makofi, akamfanyia sura, akamwimbia kwa Kikisii, yeye ambaye hakuna mtoto wa kituo hicho aliyewahi kumkalia kimya. Chepngeno akamtazama kifungo cha gauni. Kicheko kikakatika.

"Nilidhani amechelewa tu," Esnah akasema hatimaye. Akautupa udongo kwenye mtaro, akajifuta mikono, akajifuta tena. "Haya. Mimi si mtu wa kusoma. Niambie moja moja nisifanye nini, nishike kichwani, niwaambie na wale wa kambi."

Drusilla akamwambia, na kila mwenye mimba anayekutana naye anamwambia vile vile:

Usile udongo wa ukingo ule, hata mvua ikiuosha mwaka mzima.

Usile wa karibu na gereji, barabara kubwa, wala mahali panapochomwa taka.

Usile wowote kwa sababu ng'ombe ameulamba.

Usidhani kuukausha motoni kunatoa sumu. Hakutoi.

Ukishikwa na hamu ya udongo, usifiche kliniki. Usingoje kuulizwa.

Usitupe vidonge vya damu kwa sababu vinasumbua tumbo.

Usipikie kwenye sufuria iliyozibwa kwa madini ya betri.

Usichukue kasha la betri ukanyweshea kuku au kupandia vitunguu. Usiliwashie moto jikoni.

Usijipake sabuni au krimu ya kung'arisha uso usiyojua imewekwa nini.

Usikae mahali betri zinapoyeyushwa, hata kama ni kwa shemeji yako na kuna televisheni.

Usifue nguo za fundi wa betri kwenye karai moja na nepi.