Mama Vyanzo na Makala ya Fundi Saa

Walimwita Mama Vyanzo, wala hakuchukia. Mkutubi huyu alikuwa ameilea kamusi elezo ya mtandaoni kwa miaka tisa bila senti ya mshahara, na sheria yake ilikuwa moja tu: makala isiyotaja chanzo inafutwa. Aliifuta hata chai haijapoa, kisha akamtumia mwandishi ujumbe uleule wa mistari mitatu alioutunga mwaka wa kwanza.

Sasa maji yalikuwa yamemfika shingoni. Wenye mtambo unaoihifadhi kamusi walikuwa wameandika kwamba wachangiaji wakiwa chini ya watano mwisho wa mwezi, kamusi itafungwa, ibaki ya kusomwa tu. Walikuwa wamebaki wanne, naye akiwemo, na siku zilikuwa kumi na moja.

"Watu wa siku hizi hawapendi kujitolea," alimlalamikia mumewe mezani.

"Hawapendi, au umewafungia mlango kwa komeo?" mumewe akasema huku akimenya chungwa. "Halafu unanung'unika huna wageni, mke wangu."

Maneno yalimchoma. Akafungua orodha ya walioondoka, akatazama jambo la mwisho lililompata kila mmoja. Ishirini na sita kati ya thelathini na moja walikuwa wamepokea ile mistari mitatu, wakanyamaza moja kwa moja. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe alikuwa ameivaa yeye. Aliona aibu kweli. Lakini hakuwa mtu wa kukaa akilia na siku zinakwenda.

Wa mwisho kuondoka alikuwa fundi saa, mwenye kibanda nyuma ya posta. Akamfuata kwa miguu, akamkuta na lenzi jichoni, saa ya mkono imefumuliwa mbele yake.

"Mimi ndiye niliyefuta makala yako ya kusafisha saa," alisema hata kabla ya kuketi.

"Kumbe ndiye wewe, Mama Vyanzo! Shikamoo." Fundi akaitoa lenzi. "Wiki tatu niliiandika. Ukaifuta nikiwa bado naisoma kwa furaha."

"Marahaba. Nisamehe, mwanangu. Haikuwa na chanzo."

"Chanzo?" Fundi akavuta droo, akatoa kitabu chenye kurasa zilizolowa mafuta. "Si hiki hapa? Mafundi wote tunacho. Ungeuliza tu."

Mkutubi akafungua kompyuta yake palepale, akairudisha makala, wakajaza namba za kurasa pamoja mpaka adhuhuri.

"Utarudi?" akauliza.

"Kwa sharti moja. Mgeni akija, nimpokee mimi. Na wewe usifute tena."

Miaka tisa! Haki ile ya kufuta ndiyo iliyoikinga kamusi na uzushi, na ndiyo iliyompa jina. Mkono ulimwia mzito, lakini alikuwa amekuja kuiokoa kamusi, si cheo. Akafuta jina lake kwenye nafasi ya msimamizi, akaandika la fundi, akabonyeza. Wakawa watano.

Kesho yake asubuhi mwanafunzi mmoja akaleta makala kuhusu mizani, mistari minne, chanzo hata kimoja hakuna. Vidole vilimwasha mkutubi. Chini ya makala fundi akaandika: "Nimeipenda. Haya umejifunzia wapi?"

Mkutubi akaikalia mikono yake yote miwili, akasubiri jibu.