Ngata ya Fauzia

Asubuhi ya kupima uwanja, Musyoki alimaliza mahamri yake, akajifuta mafuta kwenye suruali, akainama kusoma kipimo. Alikuwa fundi kutoka Ukunda, ameajiriwa na kampuni ya ng'ambo iliyotaka kujenga gati kati ya Shimoni na Kibuyuni. Minara ya kufua umeme kwa upepo ingesimikwa baharini, ng'ambo ya miamba, lakini kwanza ingelazwa nchi kavu na kuunganishwa. Bawa moja tu lilikuwa refu kuliko msikiti wa kijiji. Uwanja wa kulazia vitu kama hivyo sharti uwe mgumu, kwa hiyo kazi ya Musyoki ilikuwa kupanga vitalu vya zege juu ya ardhi na kutazama inazama kiasi gani.

Ardhi haikuzama. Alipoongeza vitalu, ilipanda kidogo.

Musyoki akalala kifudifudi, akatega sikio. Chini watu walikuwa wakihema. Mwanamume mmoja alikuwa akiwaonya wenzake wasiinue upande mmoja tu, na bibi mmoja alikuwa akilalamikia kiuno chake. Kwa kuwa zilikuwa sauti za watu wazima, Musyoki aliwaamkia shikamoo. Wakamwitikia marahaba. Aliondoka kwenda kumwita msimamizi.

Pale palikuwa makaburini, na hakuna mtu wa Kibuyuni asiyejua. Watu wa kijiji hawakuandika majina juu ya makaburi. Waliweka jiwe la matumbawe kichwani na jingine miguuni, basi, na aliyezika ndiye aliyekumbuka. Trekta la kampuni liliyazoa mawe hayo pamoja na mengine yote, yakasagwa kuwa kokoto, na kokoto zikatiwa kwenye zege lile lile lililorudishwa juu ya wenyewe. Wageni walipouliza habari za kiwanja, Abdulwahab, mwenyekiti wa kamati ya ardhi ya kijiji, aliapa kwamba hapo hapajazikwa hata paka. Baba yake mzazi alikuwa hapo, karibu na mkwaju. Haukupita muda nyumba ya Abdulwahab ikaezekwa bati jipya, na siku ya Ijumaa alisimama safu ya mbele msikitini na kanzu iliyopigwa pasi, uso mkavu kama gome.

Msimamizi, mzungu mpole aliyependa madafu, alisikiliza habari ya walio chini mpaka mwisho, akafurahi. Kwingineko, alisema, ingebidi wapigilie nguzo za chuma ardhini msimu mzima. Hapa ardhi inajibeba. Alitaka kujua tu kama watu hao wana nguvu za kuendelea. Abdulwahab akamhakikishia kwamba ni wachapa kazi tangu enzi zao. Hakuna aliyemkumbusha kiapo chake.

Mahamri aliyokula Musyoki yalikuwa ya Mbeyu, aliyewauzia wafanyakazi chai na mbaazi pembeni mwa uwanja. Mtoto wake Fauzia alikufa kwa malaria baada ya mvua za El Nino, akazikwa mwisho wa safu, akiwa bado mdogo, hajafika hata umri wa kutumwa kisimani. Mbeyu aliposikia habari alivua makubadhi, akaenda mpaka kitalu cha mwisho, akasoma Fatiha, kisha akamwita mwanawe.

Fauzia aliitika. Alisema hajambo, na kwamba wakubwa wanasema zege lisiachwe likaangukia vyumba vya watu, kwa hiyo kila mmoja anashika kwake.

"Lakini kwangu kunaelemea, mama," alisema. "Nami sina ngata ya kuweka kichwani."

Musyoki angekisogeza kitalu kile, lakini msimamizi alisema kipimo hakivurugwi katikati. Mbeyu akaenda kwa Abdulwahab, akamkuta barazani chini ya bati lake jipya.

"Shikamoo, ami. Naomba kitalu kimoja tu kiondolewe. Yule ni mtoto."

"Marahaba, Mbeyu. Kikiondolewa kimoja, wengine wataelemewa. Wataka baba yangu aelemewe?"

"Uliapa kwamba hayuko."

Abdulwahab aliweka kofia yake sawa, akasema adhana imekaribia.

Wahenga walisema afe punda, mzigo wa bwana ufike. Hawakusema kwamba punda akishakufa ataongezewa mzigo, labda kwa sababu nao walikuwa na haya kidogo.

Mbeyu alirudi nyumbani, akaichukua leso yake ya kujitandia, akaisokota ngata ndogo, ile ya kumfundishia mtoto kubeba mtungi. Akairudia njia mpaka kwenye kitalu cha mwisho. Pembeni mwa kitalu ardhi ilikuwa imepasuka. Akaipenyeza ngata hapo, na vidole vidogo vyenye udongo kwenye kucha vikaipokea, vikaigeuza mara mbili, vikaivuta ndani.

"Imekaa?"

"Imekaa, mama. Sasa naweza."

Kesho yake Musyoki alisoma kipimo mbele ya msimamizi. Upande wa mwisho wa uwanja ulikuwa umepanda kuliko pande zote. Msimamizi alikisoma mwenyewe, akatabasamu. Alisema kona hiyo imara ndiyo itakayobeba mguu wa winchi, akaagiza iongezewe kitalu cha pili. Abdulwahab, aliyekuja kunywa chai ya bure, alisema alhamdulillahi, kijiji kimebarikiwa.

Musyoki alikipanga kitalu. Kisha akaenda kwa Mbeyu, akampa pole, na Mbeyu akaipokea, akamwomba amtazamie sufuria ya mbaazi isiungue.

Leso huuzwa mbili mbili. Mbeyu alikaa chini, akaifungua ile iliyokuwa kiunoni juu ya gauni, akaanza kuisokota.