Elki Waliojua Sauti ya Veda

Kwa majira ya baridi kumi na tisa mfululizo, Veda Haslem ndiye aliyewalisha elki wa Bonde la Willow Horn. Elki ni kulungu wakubwa, dume lake hukaribia uzito wa farasi, na theluji ya jimbo la Wyoming, Marekani, ikishafika kiunoni hawana pa kula ila pale serikali inapowatupia nyasi. Kila asubuhi kuanzia Januari hadi Aprili, Veda aliwafunga farasi wake wawili kwenye sleji, jukwaa la mbao lenye vyuma vya kuteleza badala ya magurudumu. Akapakia marobota ya nyasi kavu, akashika hatamu, akaingia malishoni huku anaongea.

Kuongea ndiyo ilikuwa tabia yake. Aliongea na farasi, aliongea na baridi, aliongea na marehemu mumewe Garth aliyezikwa miaka sita nyuma na ambaye, kwa kauli za majirani, huko aliko alikuwa bado anaitikia "ndiyo mpenzi." Elki nao walimzoea. Ikisikika sauti yake tu kutoka ng'ambo ya mto, walitoka vichakani kwa mamia.

Shida ni kwamba mamia yalikuwa yamezidi. Malisho yale yalikusudiwa elki elfu moja, na hesabu ya mwaka uliotangulia ilitoa elfu moja mia sita na hamsini. Walisongamana pua kwa pua kwenye nyasi zilezile, wakaambukizana magonjwa, na waliokosa nafasi wakaruka nyua za wafugaji kwenda kujihudumia maghalani mwao. Ndiyo maana mwezi wa Machi afisa wa wanyamapori, msichana mmoja mrefu aitwaye Maren Sorum, aliitisha mkutano kwenye ukumbi wa shule na kutangaza kwamba vuli ile vingetolewa vibali mia nne vya kuwinda majike.

Ukumbi ulichemka. Mmoja akasema ni wengi mno, mwingine akasema ni wachache mno, wa tatu akauliza kama chai ipo. Veda akasimama.

"Mimi ndiye ninayewaona kila siku," akasema. "Wamezidi. Wanakanyagana, na ndama ndio wanaoumia. Wapunguzwe."

Kutoka viti vya nyuma ikaja sauti aliyoijua kuliko alivyotaka kuijua. Ilikuwa ya Rulon Haslem, kaka yake Garth, kapera wa miaka sabini mwenye shamba la ng'ombe lililopakana na la Veda.

"Sawa kabisa, shemeji. Basi anayesema wapunguzwe aanze yeye! Au wewe kazi yako kupika, kuua tuachiwe sisi?"

Watu wakaangua kicheko. Veda akawa mwekundu mpaka masikioni. Alikuwa hajashika bunduki tangu Garth afe, na hata Garth alipokuwa hai yeye alikwenda mawindoni kwa ajili ya kuzungumza njiani. Lakini alikuwa mtu ambaye ukimsukuma kwenye maji atatoka na samaki ili tu usimcheke. Kesho yake akajaza fomu ya kuomba kibali.

Vibali viligawiwa kwa bahati nasibu, na majibu yalipotoka Veda akapata kibali cha jike. Rulon, aliyeomba dume lenye pembe kubwa kama alivyoomba kwa miaka kumi na minne, akakosa kama alivyokosa kwa miaka kumi na minne.

"Si ungeomba jike," Veda akamwambia. "Wametoa mia nne. Hata mkosi wako usingeweza kukwepa vyote."

"Mimi siwindi mama za watu," Rulon akajibu kwa majivuno. "Nina heshima zangu. Ila nitakusindikiza, shemeji. Lazima awepo wa kukubeba ukizimia."

*

Walitoka asubuhi moja ya Desemba, theluji ikiwa ya magotini na jua kali lisilo na joto. Wote wawili walivaa fulana za rangi ya chungwa kama sheria inavyotaka, na Rulon akasema wanafanana na maboga mawili yaliyosahaulika shambani. Wakapanda taratibu kwenye mteremko ulio juu ya malisho. Nusu saa baadaye Rulon alikuwa anahema.

"Pumua basi kimyakimya," Veda akamwambia. "Unasikika mpaka jimbo la Idaho."

"Ninahema kwa sababu ninabeba chakula chako."

"Umekibeba wapi? Sandwichi mbili umekula kabla hatujatoka kwenye gari! Nimekuona. Garth naye alikuwa hivyohivyo, familia yenu yote matumbo yanatangulia miguu—"

Hakumaliza. Rulon alikuwa ameinua kidole, anaelekeza juu.

Kwenye ukingo wa misonobari kilitokea kichwa. Kisha cha pili. Kisha kumi. Majike na ndama wao walikuwa wanatoka msituni, masikio yameelekezwa mbele, na badala ya kukimbia wakaanza kuteremka. Walikuja kwa mstari, bila haraka, kama wageni wa harusi waliosikia mfuniko wa sufuria unafunuliwa. Walipofika hatua hamsini wakasimama, arobaini na kitu, wakamwangalia Veda.

Walikuwa wanangoja nyasi.

Rulon aliketi kwenye theluji. Alijaribu kujizuia akashindwa, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Wamekuja, shemeji! Wameisikia sauti yako! Chagua basi, yule wa kushoto anaonekana ana njaa sana."

Veda hakucheka. Bunduki ilikuwa mkononi, jike aliye mbele alikuwa amemgeuzia ubavu, karibu kiasi kwamba hata mtoto asingekosa. Akainua bunduki. Yule jike akapiga hatua moja zaidi mbele, akanyoosha shingo, pua zikitoa mvuke. Veda akaishusha.

"Siwezi kumpiga mtu aliyekuja kula kwangu," akasema.

"Si mtu."

"Najua si mtu! Nyamaza."

Waliteremka mikono mitupu, na elki wakawafuata nyuma kwa robo maili nzima kabla ya kukata tamaa.

*

Bonde dogo halina siri. Siku ya pili Veda alipoingia kwenye mkahawa wa Lurline kununua mkate, mzee mmoja kwenye kaunta akaondoa kofia na kusema, "Karibu, mchungaji. Kondoo umewaacha nje?" Mwingine akamwomba awaite ng'ombe wake waliopotea. Veda akawajibu wote, kila mmoja kwa kipimo chake, akatoka na mkate.

Lakini jioni ile hakumtania mtu. Alimpigia simu Maren, na Maren akaja, akavua viatu mlangoni, akapewa supu ya maharage.

"Niambie ukweli, binti yangu," Veda akasema. "Ni mimi niliyewaharibu?"

Maren alizungusha kijiko. Alikuwa kijana bado, lakini hakuwa na tabia ya kumpaka mtu mafuta. "Nyasi zimewaharibu kidogo, ndiyo. Mkono mtupu haulambwi, na wako haujawahi kuwa mtupu. Lakini tukiacha kulisha mwaka huu, watashukia maghala ya kina Rulon, na wengine watakufa wakinaswa kwenye nyua. Tukiendelea kulisha bila kuwapunguza, siku moja utaingia ugonjwa usio na dawa uwapitie wote. Mama Veda, sijui njia isiyokuwa na kifo ndani yake. Ningeijua ningeshakuambia."

"Kwa hiyo kibali changu?"

"Ni chako. Ukitaka kukirudisha, hakuna atakayekucheka."

"Watacheka wote."

"Ndiyo," Maren akakubali. "Watacheka wote. Lakini kuna kundi jingine, la elki mia mbili hivi, lililovuka kigongo cha mlima upande wa kaskazini msimu huu. Halijawahi kula nyasi za mtu, na likiteremka huku litakuongezea msongamano. Hao hawakujui."

*

Jumamosi iliyofuata Rulon alikuwa mlangoni kabla hajaitwa.

"Sharti moja," Veda akamwambia. "Leo hatuongei. Si mimi, si wewe."

"Wewe?" Rulon akakodoa macho. "Shemeji, hilo jambo ulilijaribu lini mara ya mwisho?"

Veda akatia pipi ya mnanaa mdomoni, akafunga skafu juu yake, akaanza kupanda.

Walipanda kigongo cha kaskazini kwa saa mbili. Veda hakusema neno. Hakulalamikia upepo, hakumsimanga Rulon kwa kuhema, hakumkumbuka Garth kwa sauti. Na ajabu ni kwamba ukimya ule haukumchosha yeye, ulimchosha Rulon. Mara akakohoa. Mara akampita mbele kumtazama usoni. Mwisho, walipokuwa wamejilaza nyuma ya gogo wakichungulia bonde dogo lililojaa elki, akashindwa.

"Veda," akanong'ona. "Umenikasirikia?"

Veda akatikisa kichwa.

"Kwa sababu kule mkutanoni nilisema tu. Ulikuwa utani. Sikudhani ungeenda kweli kuomba—"

Elki mmoja akainua kichwa. Wote wakainua. Sauti ya binadamu ilikuwa imewafikia, na hawa hawakuijua kama sauti ya chakula: wakageuka kwa pamoja, theluji ikaruka, wakapanda mteremko wa pili kama maji yanayorudi mlimani. Rulon akafumba macho.

Veda alitamani kusema maneno kama arobaini. Yalimfika ulimini yakakuta pipi ya tatu. Lakini alipowatazama wale elki wanavyokimbia alifarijika. Hivi ndivyo walivyotakiwa kuwa. Hawa wakimwona wanajua yeye ni nani na amekuja kufanya nini.

Akamwashiria Rulon abaki palepale. Akazunguka peke yake upande ambao upepo haungewapelekea harufu yake, kwa magoti na viwiko mahali pengine, mwendo wa karibu saa nzima. Akawapata wametulia kwenye vichaka, akachagua jike nene lisilo na ndama pembeni, akangoja mpaka lisimame mbali na wenzake. Akavuta pumzi, akaitoa nusu. Risasi ilikuwa moja. Jike lilipiga hatua tatu, likaanguka.

Rulon alipofika alimkuta Veda amepiga magoti, amevua glavu, kiganja kiko juu ya shingo yenye joto bado. Rulon akavua kofia. Alikuwa na mzaha tayari, alikuwa nao siku zote, lakini aliumeza, akasimama tu pale karibu naye na kichwa chake cha upara kwenye baridi.

"Sasa unaweza kuongea," akasema hatimaye.

"Sijui niseme nini," Veda akajibu, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane, miaka arobaini na moja, ikawa kweli.

Wakafunga karatasi ya kibali mguuni mwa mnyama, wakampasua, wakakata robo nne, na wakaleta farasi kuvuta nyama mpaka barabarani. Veda alijiwekea nusu. Robo moja ilikwenda kwa Lurline, na waliomwita mchungaji wakala supu yake bila kuambiwa ilitoka wapi mpaka bakuli zilipokuwa tupu. Robo ya mwisho alimpa Rulon.

*

Januari ilipofika na ulishaji kuanza, Veda alimtumia Rulon ujumbe aje saa mbili asubuhi na glavu nzuri. Alipofika, Veda alikuwa amekaa nyuma ya sleji, juu ya marobota, na uma wa nyasi mkononi. Kiti cha mbele, cha mwendeshaji, kilikuwa kitupu.

"Panda. Shika hatamu. Na uongee."

"Niongee nini? Na nani?"

"Na farasi, na elki, na yeyote. Mimi mwaka huu nimenyamaza. Vibali vitatolewa tena vuli ijayo na nitaomba, na sitaki waje wakanizunguke tena kama mama yao. Waizoee sauti yako. Wewe si una heshima zako, huwindi majike? Basi hutapata hasara yoyote."

Rulon akatazama kiti kile kitupu. "Shemeji, hiyo ni kazi ya miezi minne. Bila mshahara."

"Utapata chakula cha asubuhi."

Siku ya kwanza hawakuja. Rulon aliita, akapiga mluzi, akawabembeleza, na elki wakasimama mbali kwenye miti ya mierebi wakimtazama kama watu waliokaribishwa chai na mtu wasiyemjua jina. Siku ya tatu wakasogea wachache. Maren alikuwa ameagiza nyasi zitawanywe mbalimbali kwenye theluji safi, mafungu madogo madogo, ili wasisongamane, kwa hiyo safari ilikuwa ndefu maradufu, na Rulon alihitaji maneno mengi. Yalipomwishia ya hali ya hewa akaanza kuwaeleza elki habari za shemeji yake: alivyo mkaidi, anavyounguza bekoni, alivyomfanya ajilaze kwenye theluji na umri wake huu.

Februari Maren akaja kuhesabu. Walikuwa elfu moja mia tatu na kumi. Bado ni wengi, akasema, lakini ndama wanene, na ua wa Rulon umerukwa mara mbili tu.

"Mara tatu," Rulon akasema kutoka kitini, na elki mia tatu wakainua vichwa kumsikiliza.

Nyuma yake Veda alikata kamba ya robota jingine, akasukuma nyasi kwa uma, na akaendelea kunyamaza kwa furaha kubwa.