Jiwe la Bafuni

Wauza madini walikuwa wamechukua hoteli nzima. Kila chumba kiligeuka duka: magodoro yamefunikwa shuka nyeusi na juu yake zimepangwa trei za fuwele, droo za kabati zimejaa mawe yaliyoviringishwa kwenye magazeti, hata juu ya friji ndogo kuna kitu kinachometameta. Milango ilikuwa wazi. Watu walipishana kwenye korido wakiwa na lenzi shingoni na tochi mkononi, kila mmoja akijifanya hana haraka.

Mfamasia alikuwa mwenyeji wa mambo hayo. Alianza kukusanya fuwele tangu yuko chuoni, na sebuleni kwake kulikuwa na kabati la vioo ambalo mgeni alionyeshwa kabla hata hajaambiwa kaa. Kitu kimoja tu kilikuwa kimemkimbia miaka yote: turmalini, ile fuwele ndefu ya rangi, iliyosimama juu ya mwamba wake, yenye ncha nzima. Alikuwa nazo mbili, zote zina pengo kichwani, naye alizigeuza upande mzuri ukatazama mbele.

Safari hii alikuja na wifi yake, wakili, mke wa kaka yake. Ni yeye mwenyewe aliyemwingiza kwenye mchezo. Alimpa lenzi yake ya zamani, akamfundisha kushika jiwe kwa chini na kulitafutia ufa kwenye mwanga. Mwanzoni alifurahia kuwa na mtu wa kumfundisha. Lakini wifi hakukaa sana uanafunzini. Alikuwa na bahati ya kuokota vizuri, na alikuwa na mdomo mtamu. Muuzaji aliyemjua mfamasia miaka na miaka alimwacha anajiinamia peke yake, akaenda kumfungulia wifi boksi la chini ya kitanda. Kaka mtu naye alikuwa na lake. Kila walipokutana kwenye chakula cha Jumapili alisema, "Dada, mwanafunzi wako anakupita hivyo!" Meza nzima ilicheka, na mfamasia alijikaza kisabuni akacheka nao.

Asubuhi ile aliingia mapema kwenye chumba cha muuzaji waliyemwita Taratibu, kwa kuwa ndilo neno alilomwambia kila aliyegusa jiwe lake. Akapekua kitanda, akapekua droo. Bafuni, ndani ya beseni la kuogea, kulikuwa na trei ya mawe yenye udongo mkavu. Aliyapitisha macho, akayaona takataka, akaondoka.

Alipokuwa chumba cha tatu, akasikia anaitwa kwenye korido.

"Wifi! Wifi, njoo uone!"

Wakili alikuwa amepiga magoti kwenye vigae vya bafu la Taratibu, sketi yake ya heshima imepata vumbi, kijiti cha meno mkononi. Alikuwa amechokoa udongo kwenye bonge moja. Chini yake ilichomoza fuwele ya kijani, nyekundu kwa ndani kama tikiti, imesimama wima juu ya mwamba mweupe kama chumvi. Ncha yake ilikuwa kali, safi, haijaguswa na kitu.

Mfamasia alihisi damu inampanda usoni. Trei ile ile! Alikuwa amesimama pale pale!

"Ni nzuri?" wifi aliuliza, macho yanamcheka. "Niambie wewe mwalimu."

"Lete nione."

Akalichukua. Akaliweka chini ya lenzi, akazungusha polepole pale fuwele inapokutana na mwamba. Akawasha ile tochi ya mwanga wa zambarau inayoifanya gundi ing'ae. Hakuna kilichong'aa. Jiwe lilikuwa zima, lilivyotoka ardhini. Alitazama tena, si kwa kuwa alikuwa na shaka, ila kwa kuwa hakutaka kuliachia.

"Limegundishwa," akasema.

"Kweli?"

"Hapa chini. Huuoni huo mstari?"

Wifi alisogea hadi nywele zao zikagusana. "Siuoni."

"Macho yako bado hayajazoea. Mtu amepata fuwele yake huku na mwamba wake kule, akaviunganisha. Halafu akapaka udongo kuficha kazi yake."

Wakili alishusha mabega. Alilirudisha jiwe kwenye trei kwa uangalifu, kama anayemlaza mtoto, akajipangusa magoti. "Basi. Afadhali nilikuja na wewe, wifi. Ningeaibika."

Wakaenda wote kunywa chai. Mfamasia alikunywa yake ikamuunguza ulimi. Alipoona wifi amenaswa kwenye maongezi na wenzake wa chama cha wakusanyaji, akasema anaenda msalani. Akapanda ngazi mbio mbio, mtu mzima, mkono umeshika begi lisimgonge. Taratibu alimfungia jiwe kwenye gazeti bila maswali.

Nyumbani akaliosha kwa mswaki laini. Lilipotoka majini lilikuwa zuri kuliko alivyodhani, na hapo ndipo adhabu yake ilipoanza, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwonyesha. Kabatini hakuliweka, wifi alikuwa haishi kuja. Alilificha kwenye droo ya nguo za ndani. Jioni nyingine alilitoa, akalitazama, akasikia gari la kaka yake nje, akalirudisha haraka chini ya sidiria kama mwizi.

Pengine lingebaki humo. Lakini miezi ikapita, na chama kikatangaza kwamba kwenye maonyesho yajayo, wanachama wachache wataonyesha mawe yao ukumbini. Wakili alialikwa. Mfamasia alialikwa pia, ila jina lake lilitajwa la pili, na aliyelitaja alikuwa anamtazama wifi.

"Kumbe hata wewe umealikwa, dada!" kaka yake alisema kwenye simu, kwa nia njema kabisa.

Hilo "hata" lilimkaa kooni wiki nzima. Kama kuna aibu iliyokuwa imebaki, hilo neno liliifunika. Siku ya maonyesho alilitoa jiwe drooni, akaliweka katikati ya kabati lake la ukumbini, akaliwashia taa.

Watu walijaa. Mwenyekiti wa chama aliinama, akainuka, akainama tena. "Hili umelificha wapi?" akauliza, na mfamasia akacheka kwa raha ambayo hakuwahi kuipata kwa jiwe lolote. Kisha umati ukapasuka kidogo, akapita wifi yake.

Alisimama mbele ya kioo. Hakuhitaji lenzi. Mfamasia aliona shingo yake ikikakamaa, akangoja zogo.

"Zuri sana," wakili alisema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Wifi yangu ana jicho."

Akaenda zake.

Mfamasia alimfuata hadi kwenye maegesho ya magari. "Wifi, ngoja. Lichukue. Nakupa, ni lako."

"Sikudai."

"Najua hudai. Nakupa tu."

Wakili alikuwa anatafuta funguo kwenye mkoba na hazipati. "Ungesema unalitaka, ningekuachia papo hapo. Ulikuwa hujui hilo?" Sauti ilimkatika. "Mimi sikuwa nakuja kwa ajili ya mawe. Nilikuwa nakuja kwa ajili ya kushinda na wewe. Nikiwa nyumbani kwenu mimi ni mgeni, ila kwenye mawe nilikuwa na dada."

Funguo zikapatikana. Gari liliondoka.

Hawakugombana, na kaka mtu hakuambiwa kitu. Jumapili waliendelea kupitishiana bakuli mezani na kuulizana habari za kazi. Turmalini ilihamia kwenye kabati la sebuleni, na kila mgeni aliyeisifia alimfanya mfamasia abadilishe mazungumzo.

Wauzaji walipokuja tena hotelini, alikwenda peke yake. Kwenye chumba cha ghorofa ya juu alimkuta wifi amekaa sakafuni na mwanamke mgeni, mnene, mwenye miwani ya kamba. Mwanamke alishika jiwe juu juu kwa ncha za fuwele. Wifi aliushika mkono wake, akaugeuza, akamwonyesha kushika kwa chini. Wakaangua kicheko cha jambo ambalo mfamasia hakulisikia.

Roho ilimuuma kuliko siku ile ya bafuni. Juu ya kitanda zilikuwa zimepangwa fuwele nyingi nzuri, na hakuiona hata moja.

"Karibu, mama," muuzaji alimwambia. "Unatafuta nini leo?"

Wifi aligeuka akamwona pale mlangoni. Akamwinamishia kichwa kumsalimu, kisha akarudi kwa mwenzake.

"Napita tu," mfamasia alisema, lakini miguu haikuondoka.