Mbegu ya Dawa

Binti yangu Stefania alianza kuanguka kifafa kabla hajang'oa meno ya utoto. Aliyemtuliza alikuwa Bibi Tekla, mganga wa ng'ambo ya mto Kilombero, upande wa Lupiro. Mwanamke mkali yule! Ukichelewa kufuata dawa, alikutukana mpaka mbwa wake wakaona haya.

Dawa yake ilikuwa maji machungu ya mizizi, kibuyu kimoja cha kutosha mwezi mzima. Mwezi ukikaribia kwisha unarudi kwake, na mwiko ulikuwa mmoja tu: kibuyu kisirudi kikavu. Lazima chini libaki funda moja, aliloliita mbegu. Juu ya mbegu hiyo alitia dawa mpya, kama tunavyobakiza togwa ya jana kuchachushia ya leo. Bila mbegu, alisema, mizizi ni kuni tu.

Halafu yakaja maji ya vita. Wajumbe walipita Ifakara wakisema risasi za Wadachi zitayeyuka, ila anayekunywa maji hayo amwage kwanza dawa zote za nyumbani kwake. Mume wangu, Pantaleo, hakuwa mtu wa nusunusu. Alikichukua kibuyu cha mtoto, akakimwaga uani mpaka tone la mwisho, kisha akakisugua kwa mchanga. Nilipiga kelele.

"Mama Stefania," akaniambia, "tukishinda, hata kifafa kitakimbia."

Aliamini kwa moyo wake wote, maskini. Akaenda na wenzake kulishambulia boma la Mahenge, na bombomu, ile bunduki inayotapika risasi, haikuwa na habari na maji ya mtu. Hakurudi. Nilimlilia na kumkasirikia kwa pumzi moja, na hadi leo sijui kipi kilizidi.

Askari wakachoma maghala ya mpunga, njaa ikaingia, na Stefania akaanza kuanguka tena. Siku moja aliangukia mafigani, mkono ukaingia motoni. Nikasema basi, liwalo na liwe, navuka.

Wenye mitumbwi walikuwa wamekimbilia mafichoni, isipokuwa mvuvi mmoja, Dionisi. Naye alikuwa mgonjwa wa kifafa, na ni dawa ya Bibi Tekla iliyomwezesha kukaa ndani ya mtumbwi bila kutumbukia. Aliyakataa maji ya vita kwa sababu hakutaka kumwaga kibuyu chake, na Pantaleo alimwita mwoga mbele za watu. Alituvusha bila kuuliza neno, akafuatana nasi hadi kwa mganga.

Tulimkuta Bibi Tekla amejificha katika matete. Nyumba yake ilikuwa majivu, na chungu chake kikubwa askari walikuwa wamekivunja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbegu iko wapi?"

Nikampa kibuyu. Alikitikisa, akakinusa. Safari hii hakunitukana.

"Mizizi ninayo, mwanangu," akasema. "Mbegu sina. Mmemwaga wote. Wote!"

Dionisi akafungua kibuyu kilichokuwa kiunoni mwake. Ndani mlikuwa na funda moja. Alilimimina lote katika chungu kidogo cha bibi kilichosalia kabla sijaelewa anafanya nini.

Bibi Tekla akamtazama. "Hii itazaa kibuyu kimoja tu mwezi huu, na dawa ya nusu haizuii kitu. Anywe nani?"

"Mtoto."

"Na wewe unayeshinda juu ya maji?"

"Nitangoja mwezi ujao, bibi."

Yule mama, ambaye hata majumbe wa vijiji walimpisha njiani, akapiga magoti matopeni mbele ya mvuvi, akampigia makofi polepole kama anavyoamkiwa mtemi. Nimeuona mto ukibeba nyumba na ng'ombe, nimeona vijiji vikiungua bonde zima, lakini sijapata kumwogopa kiumbe kama nilivyomwogopa Dionisi wakati ule, woga ule anaostahili Mungu.

Dawa ilipochemka na kupoa, Stefania akanywa, tukarudi mtoni. Maji yalikuwa mapana, viboko wanapumua katikati. Dionisi alisimama ukingoni akiutazama mtumbwi wake, kisha akanipa kafi.

"Shemeji, piga wewe. Mimi nitalala chini, nisije nikatupindua."

"Sijawahi kupiga kafi, Dionisi."

"Nitakuelekeza. Nikianza kutikisika, usiache kafi kunishika. Peleka mtoto ng'ambo."

Akajilaza katikati ya mtumbwi, akaninyooshea mikono yake miwili nimfunge kwa kamba ya wavu. Nilifunga huku nalia, nikahakikisha fundo limekaza. Kisha nikatia kafi majini.