Rupia ya Benigna na Meno ya Eufrasia

Katika mtaa wote wa Mfaranyaki hakuna mtu aliyewahi kuona sufuria chafu nyumbani kwa Benigna. Ni kweli kabisa, kwa sababu zile chafu huzisukumia chini ya kitanda mgeni akibisha hodi. Lakini zile tano za kwenye kichanja cha uani zinang'aa kweli, hata dereva mmoja wa bodaboda aliwahi kunyoa ndevu akijitazama humo.

Basi shida ya Benigna haikuwa sufuria, ilikuwa meno. Ya mbele yalikwisha kumhama moja moja bila kuaga. Hilo angelivumilia, maana uji hauhitaji meno. Ila wifi yake Eufrasia alinunuliwa meno ya bandia na mwanawe, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kucheka. Alicheka sokoni, alicheka matangani, na Jumapili kanisani akienda kukomunika alifungua mdomo tangu yuko nyuma ya mstari. Kisha akaja kwa Benigna na hindi la kuchoma, akalila polepole, punje kwa punje.

"Wifi, nikupukuchulie?" akauliza.

Benigna akaapa moyoni kwamba atapata meno yake kabla mahindi mabichi hayajaisha shambani. Fundi wa meno alitaka laki na nusu. Benigna alikuwa na kuku wawili, na mmoja alikuwa mgonjwa.

Alikuwa pia na rupia. Bibi yake alimwachia kwenye kopo la vifungo: rupia moja ya Mjerumani, ya fedha, nyeusi kama zile sufuria za chini ya kitanda. Upande mmoja yumo Kaisari, masharubu yamemsimama, na juu ya kofia yake ya chuma katua ndege, utadhani kuku aliyekosa pa kutagia. Jane wa dukani ndiye aliyemwambia kwamba Mwalimu Brayson, yule mgeni wa kutoka Moshi, ananunua sarafu za kale, na kwamba mzee Polikarp wa Namtumbo alimpelekea moja akarudi kwao na kitita.

Mtu hampeleki mtoto kubatizwa na makamasi. Benigna akachukua majivu, mchanga laini na ndimu, akamsugua Kaisari asubuhi nzima mpaka akawa mweupe kuliko siku aliyozaliwa. Akamfunga kwenye pindo la kanga, akaenda.

"Shikamoo, bibi," akasema mwalimu. Paka wake alikuwa amelala mezani, paka mnene, mvivu, ambaye hata panya walishazoea kumpita.

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unapenda pesa mbovu."

Mwalimu akacheka, akamwonyesha sarafu moja inayometameta. "Hii nimeletewa jana. Wameiharibu. Wameisugua."

Mkono wa Benigna uliokuwa unafungua pindo ukasimama.

"Wakusanyaji hawataki mng'ao, bibi. Wanataka ule weusi wa miaka. Ukisugua unaikwaruza, haifiki hata robo ya bei. Isiyoguswa kama ya mzee Polikarp, natoa laki mbili. Wewe umekuja na yako?"

"Nimeisahau nyumbani," akasema Benigna, akalikaza fundo. "Nimekuja kukusalimu tu. Yangu ni nyeusi, mwanangu. Nyeusi ya kutisha."

Akarudi nyumbani anatembea kama aliyefiwa. Lakini mtu aliyeficha sufuria miaka hamsini hakosi la kufanya. Jioni hiyo alikuwa anakaanga usipa, vile vidagaa vya Ziwa Nyasa. Akamtumbukiza Kaisari kwenye yale mafuta, akamgeuza upande huu na upande huu, akamtoa, akamfukiza kwenye moshi wa kuni, akampaka masizi ya sufuria, akamlaza kwenye kopo la vifungo siku tatu. Alipomtoa, alikuwa mweusi vizuri sana. Benigna mwenyewe alikaribia kuamini.

Safari hii, alipoketi tu kwa mwalimu, yule paka akaamka. Akashuka mezani, akaja, akaanza kujisugua kwenye pindo la kanga.

"Amekupenda, bibi," akasema mwalimu. "Huwa hata mimi hanisogelei."

"Wanyama wananijua. Nina roho safi."

Mwalimu akaishika rupia kwa ncha za vidole, akaielekeza dirishani. "Weusi mzuri. Imekaa wapi?"

"Kwenye kopo la marehemu bibi. Haijaona maji wala mkono wa mtu tangu Mjerumani aondoke."

"Haijawahi kusuguliwa?"

"Mwanangu, mimi hata sufuria sisugui."

Mwalimu akatikisa kichwa kwa furaha, akaiweka rupia mezani, akaingia chumbani kuchukua pesa. Benigna akafumba macho. Alikwisha kuliona hindi, na Eufrasia kakaa mbele yake kanyamaza. Kwa hiyo hakumwona paka alivyorudi mezani. Alisikia tu sauti ndogo ya ulimi, lap, lap, lap, akadhani ni raha ya moyo wake.

Mwalimu aliporudi, noti mkononi, Kaisari alikuwa na kofia nyeusi na shavu jeupe, na masharubu yanang'aa. Akamsogeza paka. Akainama, akanusa. Akanusa tena.

"Bibi," akasema taratibu, "huyu Kaisari amekula usipa?"

Benigna akafikiri haraka. "Si Wajerumani walipitia Mbamba Bay, kule ziwani, mwanangu."

Mwalimu akachukua lenzi, akatazama lile shavu jeupe kwa muda mrefu, kisha akazirudisha noti mfukoni.

"Na hii mikwaruzo ya mchanga kidevuni," akasema, "alikuwa ananyoa?"

Benigna akafungua mdomo kujibu, akakumbuka hana meno, akaufunga. Paka alikuwa amerudi, anamalizia kofia.