Kioo cha Benzi Nyeusi

Wapo watu waliofungwa kwa kuiba, na wapo waliofungwa kwa kushindwa kuchunga midomo yao. Gerson Chidawali alifungwa na vidole vyake mwenyewe, bila askari wala hakimu.

Alikuwa mchoraji ramani katika shirika moja la umma pale Dodoma. Alipanga chumba kimoja Makole. Mkewe, Paulina, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Mpwapwa, na huko ndiko alikokuwa anamlea binti yao Edina. Paulina aliomba uhamisho wa kuja mjini mpaka akachoka, kila mara akijibiwa kwamba walimu wa mjini wamejaa. Kwa hiyo Gerson alikwenda Mpwapwa mwisho wa mwezi, akilala siku mbili na kurudi. Edina alikuwa ameanza kuongea, lakini akibebwa na baba yake alilia mpaka arudishwe kwa mama.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachwa huru, mashirika ya umma yalikuwa yanapukutika. Yapo yaliyouzwa, yapo yaliyofungwa, na wafanyakazi walikuwa wanapunguzwa kwa mafungu. Kila mtu ofisini alijikomba kwa mkurugenzi ili abakizwe. Gerson peke yake ndiye aliyejikomba ili aachiwe. Chuo kimoja cha Mpwapwa kilikuwa kinajenga mabweni na kilimtaka yeye hasa; kilichokosekana ni barua ya mkurugenzi wake kumruhusu. Kuondoka bila barua hiyo kulikuwa sawa na kuutupa utumishi wake wote jalalani, na Gerson hakuwa mtu wa kutupa vitu.

Mkurugenzi mwenyewe, Mzee Halfani, hakuwa mtu mbaya. Afadhali angekuwa mbaya. Alikuwa mtu wa Tanga, mnene, mpole, mwenye familia Dar es Salaam na nyumba kubwa tupu Kilimani aliyokuwa anaizunguka peke yake. Siku moja mchana alipita chumba cha wachoraji akamkuta Gerson amejiinamia, anaunganisha Folkswageni ndogo ya plastiki inayoenea kiganjani. Mhandisi mmoja wa Kijerumani aliyemaliza mkataba wake ndiye aliyemwachia boksi lile. Ndani yake gari huja likiwa vipande vingi vimeshikamana kwenye vijiti vya plastiki, na wewe unavikata kwa wembe, unavipiga msasa, unavipaka rangi na kuviunganisha kwa gundi, mpaka unapata gari lenye kila kitu isipokuwa petroli.

Mzee Halfani alivuta kiti akakaa. Alipokuwa mwanafunzi Ulaya aliyaona maboksi hayo madirishani mwa maduka, asiwe na cha kununulia. Baadaye alipopata uwezo, nchi ikawa haina hata sabuni, sembuse vigari. Sasa maduka ya Dar yalikuwa yamefurika kila takataka ya dunia, naye alikuwa anasafiri. Aliyanunua maboksi kama mtu anayelipiza kisasi. Tatizo lilikuwa mikono yake. Kipande akikishika kinavunjika, gundi akiigusa inamganda mpaka kwenye ndevu.

"Njoo nyumbani Jumapili," alimwambia Gerson. "Tutaunda moja, mimi na wewe."

Gerson alikwenda akidhani amepata mlango wa kuingilia. Kweli aliingia.

Kila Jumapili ikawa Kilimani. Mchungaji wake aliacha kumuuliza anapotelea wapi. Walikaa chumba cha kulia chakula, na kwa kuwa Dodoma ni upepo na vumbi, na rangi mbichi hunasa vumbi vibaya, Mzee Halfani alifunga madirisha yote, akashusha mapazia, akasokomeza kitambaa kilicholowa chini ya mlango. Joto lilipanda mpaka shati la Gerson likamshika mgongoni. Harufu ya gundi na rangi iliwalewesha wote wawili. Mzee alikaa upande wa pili wa meza na karatasi ya maelekezo, akiisoma kwa sauti kama msoma risala: kipande cha kumi na saba, bampa ya nyuma, kipande cha kumi na nane, usukani. Gerson aliunganisha. Ikifika adhuhuri mzee alitoka kwenda kuswali, akiurudishia mlango taratibu ili vumbi lisiingie, na Gerson alibaki mle ndani, na mapazia yaliyoshushwa, na jasho lake.

Kila alipotaja barua ya Mpwapwa, mzee aliitikia kwa huruma ya kweli.

"Najua, Gerson. Familia ni familia. Tukimaliza hili tutaliangalia."

Wakalimaliza hilo, likaja jingine. Gerson alijaribu kufanya kazi haraka ili amalize maboksi. Mzee akafurahi, akaagiza mengine. Akajaribu kwenda polepole. Mzee akasema ndiyo, kazi nzuri haitaki haraka, akaongeza Jumamosi. Kabati la vioo ukumbini likajaa: Pijo, Landrova, Fiati, yote yanang'aa, yote kwa mkono wa Gerson. Wageni walipokuja Kilimani walisimama mbele ya kabati hilo wakishika viuno. Gerson alikuwa na hakika kabisa kwamba mzee anawaambia ameyaunda mwenyewe. Hilo lilimchoma kuliko joto la chumbani.

Alimwambia mtu mmoja tu, Evarista, katibu muhtasi wa mkurugenzi, mwanamke asiyekopesha maneno.

"Wewe kosa lako ni nidhamu iliyopita kiasi," Evarista alimwambia, akigonga mashine yake bila kumtazama. "Hujui kuharibu. Haribu gari moja, uone kama atakuhitaji."

"Siwezi, dada."

"Basi kaa naye mpaka mzeeke wote. Barua nimekupigia tena, hii hapa, inasubiri saini tu. Paulina alinipigia simu jana. Chuo kinasema Jumatatu, si hii ijayo bali ile ya pili, asubuhi uwepo pale mwenyewe na barua mkononi, usipokuwepo wanamchukua kijana wa Kongwa. Ameamua kuja kukufuata. Jumamosi ya wiki ijayo atakuwa stendi na mtoto, mpande basi la alasiri pamoja, maana Jumapili basi hakuna."

Lile neno la kuharibu lilimwingia Gerson likakaa. Wakati huo walikuwa kwenye Benzi nyeusi, gari alilolipenda kupita yote. Rangi nyeusi ndiyo ngumu kuliko zote: kila punje ya vumbi huonekana, kila mkwaruzo hujitangaza. Alikuwa ameipiga mara tatu, akaisugua, akaipiga tena, mpaka ukiinama juu ya boneti unajiona uso. Kilichobaki ni kioo cha mbele. Fundi wa magari haya anajua kitu kimoja kabla ya vyote: kioo hakiguswi na gundi, kwa sababu nacho ni plastiki, na gundi hukila kikapata ukungu ambao hautoki tena.

Jumapili iliyofuata, mzee alipokwenda kuswali, Gerson alipiga moyo konde. Alichovya kidole kwenye gundi akakipitisha kwa ndani, upande wa dereva, pale ambapo hakuna jicho linaloweza kupakosa. Kioo kikafifia taratibu mbele ya macho yake. Alijisikia vibaya, vibaya kweli, kama mtu aliyempiga kofi mtoto aliyelala. Akakipachika hivyo hivyo.

Mzee Halfani aliporudi alilipokea gari kwa mikono miwili, akalitazama kwa umbali ambao macho yake yalihitaji, akasema, "Mashaallah." Akalipeleka kabatini. Gerson alirudi Makole na moyo mzito, akijilaumu kwamba ameharibu kitu kizuri na hakuna kilichobadilika.

Ilipofika Jumamosi, mzee alikuwa na wageni wa chakula cha mchana, wakubwa wa wizarani waliokuja kwa vikao vya Bunge, na alitaka Gerson awepo. Gerson alikwenda na barua mfukoni. Alikuwa amepanga kila kitu: atakula, atasubiri wageni wanyanyuke, ataweka barua mezani, na safari hii hatatoka bila jibu. Begi lake alikuwa amelifunga tangu usiku, liko mlangoni kwake. Paulina alikuwa ameshafika stendi.

Baada ya pilau wageni walihamia kwenye kabati. Mmoja wao, mzee mrefu aitwaye Bartolomayo, aliitoa Benzi, akavaa miwani, akaizungusha.

"Hili ni kali," alisema. "Lakini fundi wako hapa alisinzia, Halfani. Kioo kina ukungu."

Mzee Halfani alilichukua gari akalisogeza karibu na macho, karibu zaidi ya siku zote. Kisha akamtazama Gerson, na Gerson akajua kwamba mzee ameelewa yote.

"Fundi mwenyewe huyu hapa," alisema mzee kwa upole. "Gerson Chidawali. Haya yote ameyaunda yeye. Mimi nasoma karatasi tu."

Akaligeuza gari tumbo juu. Chini, kwa rangi ya dhahabu na kwa mwandiko mbovu wa mikono yake mizito, alikuwa ameandika jina la Gerson. Akatoa Pijo, likawa na jina. Landrova, jina. Wageni wakamgeukia Gerson wote kwa pamoja, wakimpongeza, wakimshika mkono. Bartolomayo alisema kule Dar kuna maonyesho, na kwamba Jumatano wanarudi huko, na kama Halfani atakubali atayabeba yote yakaonekane, pamoja na jina la fundi. Halfani alikubali. Gerson alitabasamu huku masikio yanamwaka. Hakuwahi kutambulishwa kwa watu wakubwa maishani mwake, na siku alipotambulishwa, gari lililokuwa mkononi mwao ni lile.

Wageni walipoondoka, Mzee Halfani alirudi akakaa. Alionekana amechoka.

"Kumbe nimekubana kiasi hiki," alisema. "Mpaka ufanye vile. Ungeniambia."

"Nilikuambia, mzee."

"Kweli. Uliniambia." Akanyoosha mkono. "Lete hiyo barua. Najua unayo, Evarista hanifichi kitu."

Akasaini. Hakusita wala hakutoa hotuba. Akakausha wino kwa kupuliza, akaikunja barua akamkabidhi. "Wahi basi. Nisalimie Mpwapwa. Na unisamehe, Gerson, nyumba hii ni kubwa kwa mtu mmoja."

Gerson aliishika barua. Kitu alichokihangaikia muda wote huo kilikuwa mkononi mwake, chepesi. Mlango wa mbele ulikuwa wazi na upepo ulikuwa unaingia. Akageuka kuaga, na macho yake yakaiangukia Benzi pale mezani, na lile doa jeupe upande wa dereva.

"Lile Fiati la pili ambalo hatujalifungua," alisema. "Kioo chake kinaweza kukatwa kikaenea."

"Acha hilo. Nenda."

"Litakwenda Dar vile vile? Na jina langu?"

"Nitaliacha kabatini kama unataka."

"Ameshaliona, mzee. Ataliulizia." Gerson alikuwa ameshalinyanyua. "Nikikitoa hiki, rangi ya pembeni itakwaruzika. Itabidi nipige upya boneti yote, vinginevyo itaonekana kiraka."

Mzee Halfani alimtazama kwa muda mrefu, na usoni mwake palikuwa na huruma, pengine na furaha kidogo aliyojaribu kuificha.

"Mimi nimeshasaini," alisema. "Sisemi neno jingine."

Stendi, Paulina alikuwa amesimama kando ya basi, Edina mgongoni, ameshakata tiketi mbili. Alipomwona mumewe alitazama mikono yake kwanza. Gerson alimpa barua. Aliisoma pale pale, akaisoma tena, na macho yakamjaa machozi.

"Amesaini," alisema. "Baba Edina, amesaini." Akamwita utingo apandishe mzigo wa mumewe juu ya keria, kisha akageuka kuutafuta. "Begi lako liko wapi?"

"Nitakuja, mama Edina. Tangulieni. Kuna kazi ndogo ya kumalizia kwa mzee."

"Kazi gani?"

"Kioo. Kesho namaliza, jioni napanda lori lolote. Jumatatu asubuhi niko pale."

Dereva aliwasha basi. Watu walikuwa wanapanda wakisukumana na magunia. Paulina hakusogea.

"Ni kioo peke yake?"

"Na boneti."

"Rangi nyeusi?"

Enzi za uchumba Gerson mwenyewe aliwahi kumfundisha tabia za rangi, akijisifu: nyekundu inakauka haraka, nyeupe inavumilia, nyeusi usiiguse kabla ya siku mbili.

Paulina aliikunja barua kwa uangalifu, akafuata mikunjo ile ile, akamrudishia. Tiketi moja akampa utingo amtafutie mtu wa kuinunua. Kisha akamshusha Edina mgongoni, akamgeuza amtazame baba yake.

"Edina," alisema, "muage mgeni, tuondoke."